Msela Hakuvaa Kanzu ya Kuazima

Harufu ya jinzi inayopigwa pasi ya mkaa hunirudisha Kariakoo papo hapo. Kila Ijumaa mjomba Rajabu alinyunyizia maji suruali yake pana, akaikandamiza mpaka mstari ukasimama, na ukumbi mzima wa nyumba yetu ukanuka moshi na kitambaa kibichi. Alikuwa msela na hakuficha: kofia upande, mwendo wa kudunda, "mambo" kwa kila apitaye. Nilimpenda kupita kiasi. Lakini kwa watu wazima wa mtaani msela alikuwa mhuni tu, na mwaka ule mjomba alikuwa ameposa kwa kina Zena, Buguruni.

Siku wazee wa Zena walipoleta jibu, mama mkubwa aliazima kanzu ya jirani, akamsihi mjomba aivae na ajiite karani. Bibi, mama yao, aliikunja kanzu ile akairudisha kwa mwenyewe. Wageni wakaketi, kahawa ikamiminwa, na baba mdogo wa Zena hakugusa kikombe. Kwetu, anayekuja kukataa hanywi. Kwa upole kabisa akasema binti yao hawawezi kumpa msela.

Bibi alimwita mjomba, naye akatoka na jinzi yake, akawaamkia wazee. Ndipo bibi akasema, "Marehemu mume wangu alikuwa baharia. Wazungu wa melini walimwita sela, vijana wa bandarini wakalidaka neno, wakaitana masela. Nyumba hii mliyoketi imejengwa na usela. Mwacha asili ni mtumwa. Kama hamtaki, basi, lakini jina hilo hatulivui."

Yule baba mdogo alimtazama mjomba kuanzia kofia hadi viatu. Akasema wote waliotangulia kumposa Zena walikuja na kanzu za kuazima. Huyu walau ana nguo yake. Kisha akainua kikombe, akanywa kahawa iliyokwisha kupoa.

Nyumba ile imebomolewa, pamesimama ghorofa la maduka. Neno msela nalo limezeeka. Vijana siku hizi wanaitana baharia, wala hawajui kwamba wamelirudisha lilikotoka. Juzi mwalimu aliniita shuleni, akalalamika kwamba mwanangu anajiita baharia na kwamba hilo ni jina la wahuni. Nilimsikiliza mpaka akamaliza.

"Mwalimu," nikamwambia, "kwetu huyo ni baharia wa tatu."