Ukoo Ulionyamaza Mbele ya Daktari

Fundi wa masanduku ya bati tuliyekuwa tukitaniana naye hapa Shauri Moyo amefariki. Ukimlalamikia bei, alikuwa akigonga bati kwa nguvu hadi usisikie sauti yako mwenyewe, kisha anauliza kwa upole, “Ulikuwa unasema?” Ameuawa na mafua ya virusi, yale yale yaliyotupigisha chafya mtaa mzima. Mkewe aliugua siku mbili akarudi sokoni. Fundi mwenyewe mapafu yalizidiwa.

Nilikuwa wodini daktari alipouliza kama kuna mwingine katika ukoo aliyewahi kuzidiwa na mafua. Mjomba wa fundi akajibu upesi, “Hakuna, daktari. Sisi ni watu wa nguvu.” Kumbe, kama nilivyokuja kusikia baadaye, kaka wawili wa marehemu walikufa vivyo hivyo wakiwa vijana, ikasemwa wamerogwa. Sijui kama ukweli ungemwokoa, na daktari mwenyewe hakuapa. Alinieleza tu kwamba mbali na umri na maradhi mengine, wapo waliorithi jeni zinazoufanya mwili uchelewe kupambana na virusi fulani, na kwamba familia ikisema mapema, mgonjwa hushughulikiwa mapema.

Matangani nilimuuliza yule mjomba kwa nini alidanganya. “Wacha hizo,” akaninong’oneza, “dada yake anaposwa. Nani ataoa nyumba yenye kasoro?” Nikaweka kikombe changu cha chai chini. Nilijichukia na sisi sote pia, maana tunachunguza ukoo wa bibi harusi kama mtu anayenunua mbuzi, kisha tunashangaa watu wakificha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu mficha yu hai, anaongeza sukari.

Basi dada mtu akasimama, wakwe watarajiwa wakiwa wameketi mbele. “Kaka zangu watatu wameenda na mafua,” akasema, “na mimi ni damu moja nao. Nikianza kuhema vibaya, msiniletee tangawizi na maombi peke yake. Nipelekeni hosi, na mumwambie daktari ukweli wote.” Mjomba akamvuta shali. “Keti chini, unatuaibisha!”

“Niache, mjomba. Uliulizwa ukaficha.”

Shangazi wa bwana harusi akachukua mkoba wake akatoka. Huenda posa imevunjika, na binti atalia. Wazazi wenzangu, daktari akiwauliza habari za ukoo, semeni. Posa ikivunjika, mtu hupona.