Assia, mbeba vitovu wa Kinanira

Saa nne asubuhi, Assia Kaneza anavuka ua wa hospitali moja ya uzazi katika mtaa wa Kinanira akiwa amekumbatia boksi dogo la baridi. Anatembea polepole. Chini ya kilima ziwa limetulia, na ng'ambo milima ya Kongo inaonekana kama moshi uliosimama.

Ndani ya boksi mna chupa, na ndani ya chupa mna kipande cha kamba ya kitovu. Mwenye kitovu, mtoto wa kike, amezaliwa muda mfupi uliopita. Kilio chake bado kinasikika kutoka wodini.

"Zamani hizi vitu nilikuwa napeleka ku shimo," anasema Assia. "Niliona ni uchafu tu. Leo nabeba kama vile mutu anabeba mutoto amelala."

Assia, mwenye miaka arobaini na saba, ni mfanyakazi wa usafi. Anapiga deki, anafua shuka, anaosha mabeseni ya chumba cha kujifungulia. Watafiti walipofungua maabara ndogo nyuma ya wodi, mwaka juzi, alipewa kazi ya kupeleka vitovu ambavyo akina mama wamekubali kuvitoa.

Maabara hiyo inaongozwa na Benite Irakoze, mwanabiolojia kijana mwenye sauti ya chini.

"Ndani ya kitovu kuna ute mzito," anaeleza. "Humo tunapata seli shina, yaani seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini. Tukizilea na kuziwekea dawa fulani, kuna zinazoanza kufanana na seli za neva."

Assia aliposikia neno neva kwa mara ya kwanza, aliweka ndoo chini akaomba aelezwe tena.

Mumewe, Sulemani, alikuwa fundi magari katika mtaa wa Bwiza. Miaka sita iliyopita gari lilichomoka kwenye jeki likamwangukia mgongoni. Tangu siku hiyo miguu yake haina hisia. Karibu nusu ya mshahara wa Assia huishia kwenye mipira ya mkojo na dawa za vidonda.

"Nikilala, naota niko Asiatique, ku maduka, natafuta vipuri," anasimulia Sulemani. "Nasikia lami ya moto chini ya sandali. Naamuka, nagusa muguu. Kimya."

Assia alimweleza mumewe habari za seli. Mumewe akawaeleza majirani. Haikupita muda, akaja mtu aliyevaa vizuri, akadai anauza sindano za kitovu kutoka ng'ambo na kwamba Sulemani angesimama kabla ya Ramadhani. Bei yake ilikuwa sawa na thamani ya nyumba yao, ile aliyoiacha baba yake Sulemani.

Sulemani alikubali. Mnunuzi wa nyumba akaja kupima vyumba.

Kesho yake Assia alimfuata Benite maabarani.

"Mama Fatouma," Benite alimwambia, akimwita kwa jina la binti yake, "seli zetu hazijawahi kuingia katika mwili wa mtu. Kwingine wanajaribu, lakini anayekuahidi kwamba baba Fatouma atatembea, anakudanganya."

"Hata kidole kimoja?"

"Sijui, mama. Vraiment, kwa kweli na mimi ningependa kujua."

Assia alikaa kwenye ngazi za wodi, hajui atakachosema nyumbani. "Ile ndoto ni mi nilimuletea," anakumbuka. "Sasa ni mi tena namunyang'anya?"

Mwishowe akaomba jambo moja: Sulemani aje aone kwa macho yake.

Majirani walimpandisha kilimani kwa kiti cha magurudumu. Benite akaishusha hadubini hadi kwenye meza fupi. Sulemani akainama, akatazama kwa muda mrefu. Aliona seli zilizojinyoosha, nyembamba na zenye mikono mirefu, kila moja ikielekea kwa jirani yake.

"Zinatafutana?" aliuliza.

"Tunafikiri hivyo. Lakini hatujui kama zinaweza kupashana habari jinsi neva zinavyofanya."

"Basi waya munazo. Moto wa umeme ndio haujapita."

"Ndiyo hivyo, baba."

Alitazama tena. Wakashuka hadi Bwiza. Hapo akamwambia mkewe: "Ule mutu mwambie apana. Nyumba haiuzwi."

Leo Sulemani anatengeneza kabureta za pikipiki kwenye meza ya kibarazani, na anatafuta chumba cha gereji chenye mlango mpana. Assia naye, deki ikikauka, huketi kando ya vitanda na kuzungumza kwa Kiswahili na akina mama wanaosubiri kujifungua. Asubuhi hii Dorothée, mchuuzi kutoka Uvira, amemuuliza kama kitovu kitamponya mtoto wake akija kuugua.

"Siwaambii ni dawa," anasema Assia. "Nawaambia kuna watu wanatafuta. Mwenye anataka kuwasaidia kutafuta, anatoa. Mwenye anataka kuzika ya kwake, anazika."

Assia bado anaota mtu akitembea tena, lakini ndoto imebadilika: si mumewe. "Naota mutu simujui, gari imemuangukia. Miezi inapita, anarudi kazini na miguu yake. Hata jina yangu haijui. Inanitosha."

Nilipomuuliza Sulemani kama naye inamtosha, alifuta mikono kwa tambara, akacheka kidogo.

"Inatosha," alisema. "Lakini nilimwambia Benite: siku mukianza kujaribu kwa watu, mi nakaa hapa hapa Bwiza. Munitafute."