Wamemchukua Ilyasi

Oktoba 1990, askari walimchukua Ilyasi, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, wakamtia ndani ya uwanja wa mpira pamoja na mamia ya watu wengine walioshukiwa kuwasaidia waasi. Mkewe, Mukashema, hakuruhusiwa hata kumpelekea blanketi.

Alimkumbuka mteja wao wa zamani, nesi Mwingereza aliyehamia Nairobi. Nesi huyo Kifaransa hakujua. Mukashema aliokoteza Kiingereza cha shuleni, akaandika kwa hofu, maana siku hizo Kiingereza kilikuwa lugha ya waasi waliotoka Uganda. Gasana, dereva wa lori aliyekuwa akienda Nairobi, aliificha barua ndani ya soksi.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa. Nesi alimshukuru Mungu kwamba Ilyasi yuko mahali salama.

Mukashema aliisoma mara mbili. Salama wapi? Alikimbilia kwa Damascène, mwalimu aliyekuwa jirani yao. Damascène alifunga pazia kwanza.

"Uliandika nini, dada?"

"Took in. Si walimwingiza ndani?"

"Mungu wangu! Mzungu akisoma *took in*, anaelewa walimpa hifadhi. Walimchukua ni *took away*. Iko neno dogo tu, lakini inageuza yote."

"Na *look after him*? Nilitaka amtafute."

"Hiyo ni kumtunza. Kumtafuta ni *look for*."

Mukashema alianza kulia. Mumewe alikuwa akipigwa, naye alikuwa ameandika kwamba amepata wenyeji wema.

"Mwalimu, nikikosea tena?"

"Basi andika *arrested*. Amekamatwa."

"Hiyo inafuatwa na kaneno gani?"

"Hakuna. Inasimama peke yake."

Waliandika upya kwa kunong'ona, wakinyamaza kila gari lilipopita. Karatasi za kujaribia wakazichoma. Gasana aliondoka na barua mpya alfajiri, na Mukashema akawa anashtuka kila mlango ulipogongwa.

Mwaka uliofuata, mvua za masika zikinyesha, wafungwa wengi waliachiwa. Ilyasi alirudi amekonda, vidole vimevimba hata sindano haishikiki. Kama ni barua iliyomtoa, au ni zamu yake tu, hakuna aliyewaambia.

Jioni moja alimwomba mkewe amsomee ile barua. Nakala haikubaki, lakini Mukashema alikuwa ameikariri, akaisema yote kwa Kiingereza, polepole, akiogopa kukosea hata sasa.

"Umesema nini juu yangu?"

"Kwamba wamekukamata, na wakutafute."

Ilyasi alitazama vidole vyake. "Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu," alisema Mukashema, bila kuitaja ile ya kwanza.

Akaenda kufunga mlango.