Nilimchomea Nyumba Mzee Aliyesema Ukweli wa Vita

Kosa ni langu, sitafuti wa kunisaidia kulibeba. Na hasira ingali kifuani. Nawaambia mapema musije mukafikiri nimekuwa mtakatifu.

Wakati wa vita ya Katanga kujitenga, askari wa Katanga waliingia mugini mwetu, kijiji cha kule kaskazini, wakauchoma. Papa yangu alishikwa, hakurudi. Minye nilikuwa mtoto wa mgongoni. Nilikulia Likasi na mama, na kila mzee aliyekuwa askari alituambia vilevile: "Siye tulichungaka inchi tu. Hatukugusa muntu."

Mwanzo wa miaka ya tisini, kazi imekufa, watu wanafukuzana mjini, padri aliwaita wale wazee waje kuongea na vijana, vita isirudi. Wote walirudia uongo uleule. Papa Sylvère, mshona viatu wa mtaa wetu, ndiye peke yake aliyesimama kusema kweli.

"Batoto, bana yangu, tusidanganye. Batu ya kule kaskazini habakutuchokozaka. Ni siye tuliendaka kwabo na bunduki. Minye mwenyewe nilichomaka manyumba. Kama muko na maulizo, muniulize."

Nikamuuliza jina la mugini. Akataja wetu.

Sikuuliza la pili. Nilitoka, nikamchukua mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, tukamwaga petroli mlangoni kwake mchana kweupe. Mzee alikuta kila kitu kinawaka: vitanda, nguo, ngozi zake za kazi. Alinitazama.

"Uliponiuliza mugini, nilijua ni weye mutoto wa nani," akasema. "Nilikuwa nangoja uniulize fasi gani tulizikaka papa yako, nikupeleke."

Nikamtukana. Eti angenipeleka wapi, muuaji yule!

Akahamia kwa binti yake, kule mji wa Kapolowe. Hasira iliponiachia kidogo nikamfuata. Binti alinionyesha kaburi bichi la baba yake.

"Alikuachia neno?" niliuliza.

"Weye? Akuachie neno weye?" Akafunga mlango.

Mama alikufa bila kujua mumewe amelala wapi.

Weye mwenye kisasi kama changu, nisikilize. Muntu akifungua kinywa kusema alichofanya, kaa chini umwache amalize, hata kama unatetemeka. Minye nilimwadhibu yule mmoja aliyekubali. Waongo wangali hapa, wanakunywa pombe yao ya munkoyo, na ningali natamani kuwakaba shingo. Lakini hata nikiwapigia magoti, hakuna atakayeniambia kitu. Waliona nilivyomfanya mwenzao.