Ndege Ambayo Adventina Alikataa Kuisifia

Katika mtaa wa Magarama, mjini Gitega, Adventina alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni Kiswahili chake cha Tanzania, ambacho wauza nyanya walipenda kukiiga wakicheka. La pili ni ubishi. Alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari, na mtu akimwambia jambo fulani liko hivi, aliuliza papo hapo: umejuaje? Wako walioona ni dharau. Wengine walimwonea huruma, wakisema mwanamke wa namna hiyo atazeeka peke yake.

Kila Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa na kipindi katika redio moja ndogo ya mjini. Nusu saa tu. Alieleza kwa nini umeme wa radi huonekana kabla ya mlio kusikika, kwa nini maharage yanayopikwa milimani huchelewa kuiva, na simu hupataje mtandao. Hakulipwa, na wala hakuomba. Wanawake walimsimamisha sokoni wamuulize maswali, na siku kama hiyo alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyepewa zawadi. Jambo moja tu lilimkera. Sauti ya redio ile iliishia kwenye vilima vya Karuzi. Mama yake, bibi Ursula, aliishi Mwakiro, huko Muyinga, na hakuwahi kumsikia mwanawe hewani hata siku moja.

Mwezi wa kwanza mwaka elfu mbili na kumi na moja, mwenye redio, jina lake Prosper, alimkabidhi karatasi tatu zilizoandikwa kwa Kifaransa.

"Madamu, mada ya Jumamosi iko tayari," alisema. "Ndege mpya ya kivita ya Wachina. Rada haiwezi kuiona. Kabisa!"

Adventina alizipeleka nyumbani, akazisoma mara mbili, akachukua penseli. Neno "kabisa" lilikuwamo mara kumi na moja. Haionekani kabisa, haipigiki kabisa, hakuna wa kuizuia kabisa. Picha zilikuwa tatu, zote zimepigwa kwa mbali, moja ikionyesha ukuta na vichwa vya watu waliokuja kutazama. Mwandishi hakutajwa. Vipimo havikuwepo. Ndege yenyewe ilikuwa imeruka kwa mara ya kwanza siku chache tu zilizopita, na tayari mtu alikuwa ameiandikia ushindi.

Jinsi rada inavyofanya kazi aliijua. Inatupa mawimbi, mawimbi yanagonga chuma, yanarudi. Ukiukata mwili wa ndege kwa pembe zinazofaa, mawimbi yanakwenda kando badala ya kurudi kwa aliyeyatupa, na rangi maalumu inameza mengine. Hiyo ni kazi ya watu wenye akili, hakuibeza. Lakini ndege hii ilikuwa na vibawa vidogo mbele, karibu na rubani, na nyuma ilikuwa na matundu mawili ya injini, ya mviringo. Ikitazamwa kutoka mbele inaweza kujificha. Kutoka nyuma je? Kutoka ubavuni? Na moto wa injini, nani ameufunika? Hakusema ndege ni mbovu. Aliandika pembeni mwa karatasi: hatujui.

Ijumaa alimrudia Prosper redioni.

"Nitasoma," alimwambia, "ila nitaongeza maswali yangu."

"Hapana maswali, Madamu. Donc, basi, usome tu vile iko."

"Kwa nini?"

Prosper alifunga mlango. Alieleza kwamba karatasi zile zilitoka kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, mtu mwenye marafiki wengi huko China, naye ameahidi kuiletea redio antena mpya. Anataka kusikia jambo la kumfurahisha, ili naye apate la kuwaonyesha marafiki zake. Ni hilo tu.

"Na antena ikikuja, tunafika Kirundo, tunafika Muyinga. Mama yako si iko Mwakiro? Atakusikia. We hutaki mama akusikie?"

Adventina alizikunja karatasi na kuzitia mkobani. Damu ilimpanda usoni. Alikuwa amemsimulia mtu huyu habari za mama yake siku moja walipokuwa wanakunywa chai, kwa roho safi, na sasa zilitolewa mezani kama chambo. Lililomuudhi zaidi ni kwamba kweli alitaka. Alitaka mama yake aketi kibarazani, afungue redio, aseme huyu ni wangu.

Lakini yalikuwapo mengine ambayo Prosper hakuyajua, kwa kuwa Adventina hakumsimulia mtu yeyote.

Mwaka wa tisini na tano, akiwa na miaka kumi na mitatu, alitoka Mwakiro na wazazi wake na kaka yake Elikana, wakikimbia vita, wakielekea mto Ruvubu ili wavuke kwenda Tanzania. Walikuwa kundi la watu kama arobaini. Asubuhi ya siku ya pili walisikia helikopta. Watu waliingia migombani. Mama yao aliwalaza chini, akawafunika majani makavu, akawaambia: tulieni, haituoni. Adventina alilala uso ukiwa kwenye udongo. Ilipita mara moja, ikarudi ikipiga risasi. Ilipoondoka, Elikana hakuamka. Hadi leo hakuna aliyekubali kwamba helikopta ile ilikuwa yake. Waliobaki walivuka wakaishi kambini Ngara miaka minane, baba akazikwa hukohuko, na wakati wa amani mama na binti walirudi kwa lori kupitia mpaka wa Kobero, wakiwa na mabati, jembe na mche mmoja wa parachichi kwenye kopo.

Kwa hiyo Jumamosi alipoketi mbele ya mikrofoni na kuanza kusoma "haionekani kabisa", alimsikia mama yake akisema haituoni. Alisoma ukurasa mmoja na nusu. Kisha alizigeuza karatasi kifudifudi.

"Ndugu wasikilizaji," alisema, "haya niliyowasomea nimepewa. Sikuyaandika mimi, na aliyeyaandika hakutia jina lake. Mimi siamini kwamba kuna ndege isiyoonekana. Kuna ndege ngumu kuonekana, kwa mtu aliyekaa upande fulani, mwenye chombo cha aina fulani. Ndege hii mpya hakuna mtu wa nje aliyeipima. Anayewaambia haionekani kabisa hajui, na anayesema kwa uhakika jambo asilolijua anaweza kuua watu, kwa sababu wako watakaom—"

Muziki wa kwaya ulimfunika. Prosper alikuwa amesimama upande wa pili wa kioo, mkono kwenye mitambo, hamtazami.

Adventina alitoka, akamkuta ukumbini.

"Umenikata."

"Umeniharibia, Madamu! Unajua nimeitafuta ile antena miaka mingapi?"

"Umenikata katikati ya neno. Ungesubiri hata nimalize neno!"

"Ndege ya watu huko mbali, yanakuhusu nini? We umeshaiona? Umeshaigusa?"

"Hapana. Na wewe pia hujaiona. Ndiyo maana nilisema hatujui, na wewe ukataka niseme tunajua!" Penseli ilimponyoka mkononi. Hakuiokota. "Unataka mama yangu anisikie nikidanganya. Hiyo ndiyo zawadi uliyomwandalia?"

Prosper alisema kipindi kimekwisha, asirudi tena. Adventina alimjibu kwamba hata akimbebea mikrofoni hadi nyumbani hatarudi. Akashuka kwa miguu hadi Magarama, akiwa amesahau mwavuli wake redioni, mvua ikimpiga, na hasira ilimpasha moto hata mvua asiisikie sana.

Alidhani mtaa utakuwa upande wake. Haikuwa hivyo. Kwenye duka la vitenge la Bashizi, Mkongomani wa Kivu Kusini aliyekuwa na ndugu katika kambi ya wakimbizi ya Gasorwe, wanaume watano walinyamaza alipopita. Bashizi mwenyewe alimwita.

"Mwalimu, kuja kwanza. Ni we ulisema ile ndege iko bongo?"

"Sikusema ni uongo. Nilisema haijapimwa."

"Ni mamoja!" Bashizi alipiga meza kwa rula yake ya kupimia vitambaa. "We uko na inchi yenye amani. Mi, bale batu ba bunduki balichoma nyumba yetu mara mbili. Mara mbili! Banaingia, banatoka, hakuna mwenye anabagusa. Kila siku naomba Mungu kuwe mwenye nguvu mpya, mwenye iko na kitu cha kubashinda. Nasikia ku redio: iko ndege, hakuna mwenye ataiona. Nasema asante. Halafu we unakuja unasema hapana. We ulininyanganya nini, unajua?"

Wale wanaume walimtazama Adventina. Hasira ilikuwa bado imemjaa, ikamtoka vibaya.

"Na nani amekuambia ndege hiyo itakuja kwa ajili yako?" alisema. "Unadhani wanaotengeneza ndege za vita wanakutafuta wewe, Bashizi, wakuulize nyumba yako ilikuwa wapi? Ikifika Kivu, wewe utakuwa chini yake kama wengine!"

Bashizi aliiweka rula mezani taratibu, akaanza kukunja kitenge kilichokuwa tayari kimekunjwa.

"Genda, Mwalimu," alisema. "Genda nyumbani."

Alikwenda, na kila hatua alijua amesema kweli na amekosea kuisema. Jambo hilo lilimwongezea hasira, mara hii dhidi yake mwenyewe.

Juma lililofuata alikwenda Mwakiro. Mama yake alikuwa nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi, chini ya ule mparachichi wa Ngara ambao sasa ulikuwa mrefu kuliko paa. Adventina aliketi, akashika gunzi, akamsimulia yote: karatasi, antena, muziki wa kwaya, maneno aliyomwambia Bashizi. Alipofika kwenye "haionekani kabisa", bibi Ursula aliacha kupukuchua.

"Hiyo ndiyo iliyokukasirisha," alisema. Hakuuliza.

"Ndiyo, mama."

"Kwa sababu yangu."

"Sikusema hivyo."

"Hujawahi kusema. Miaka yote hii hujawahi." Mama alipangusa viganja kwenye kitenge. "Nilisema haituoni. Unadhani niliitoa wapi? Mimi nilikuwa nimewahi kuona helikopta? Alikuwapo mwanamume mmoja aliyetuongoza njiani, mwenye koti la kijani. Usiku kabla ya siku ile alituambia sote, kwa sauti ya mtu anayejua: mkijifunika majani, ile kitu haioni. Nikamwamini. Alisema bila kusita hata kidogo. Angesema, mimi sijui, pengine inaona, ningewaambia kimbieni, tawanyikeni. Elikana alikuwa na mbio." Sauti ilipanda, na Adventina hakuwahi kumsikia mama yake akipaza sauti namna ile. "Alikuwa na mbio, mwanangu! Alimshinda kila mtoto wa kilima hiki, nami nikamlaza chini kama gunia!"

Kuku walitimka. Adventina alimshika mama yake mabega, na mama akamsukuma, si kwa chuki, kisha akamvuta tena. Walilia wote wawili, mahindi yakiwa yametapakaa miguuni mwao. Kilio hicho hakikuwa cha msiba. Kilikuwa cha watu waliodanganywa.

Baadaye mama aliinama, akaanza kuokota punje moja moja.

"Huyo Bashizi," alisema, "kamwombe radhi. Mtu aliyechomewa nyumba hapigwi kwa maneno. Lakini ya ndege, usiyafute."

Adventina alifanya hivyo. Jumatatu alikwenda dukani kabla wateja hawajaja, akamwambia Bashizi kwamba alimjibu vibaya, na kwamba alikuwa na kaka. Akamsimulia habari za migomba. Bashizi alisikiliza akiwa amesimama. Hakumkumbatia wala hakumwambia yamekwisha. Alisema tu, "Pole, Mwalimu. Lakini mi bado naomba ile ndege iwe ya kweli." Naye akamjibu, "Najua." Tangu hapo walisalimiana, wakati mwingine kwa maneno mengi, wakati mwingine kwa kichwa tu. Hawakuizungumzia tena ndege.

Antena ilikuja mwezi wa saba. Kijana mwingine aliajiriwa kusoma karatasi, na kweli sauti ya redio ilifika Muyinga. Wiki mbili baadaye Prosper alikuja Magarama kwa pikipiki, akamkuta Adventina uani anachambua maharage na jirani yake, Kasilda.

"Madamu, watu banakuuliza," alisema. "Barua ziko nyingi. Bon, sawa, tusahau. Kuja Jumamosi, ongea radi, ongea maharage, vile unapenda. Ndege tu, hapana. Na mama atakusikia, sasa ni kweli."

Adventina aliweka ungo chini.

"Nitakuja kwa sharti moja. Kabla sijafungua mdomo, wewe uketi kwenye mikrofoni uwaambie wasikilizaji kwamba siku ile hakukuwa na hitilafu ya mitambo kama ulivyowatangazia. Uwaambie ulinikata, na kwa nini."

Prosper alicheka. Alipoona hachekewi, aliacha.

"We ni mtu mgumu sana."

"Utasema, au husemi?"

Alivaa kofia yake, akawasha pikipiki, akaondoka bila kuaga, akiacha moshi uani. Kasilda aliupunga kwa upande wa khanga, akatikisa kichwa.

"Ungekubali tu, dada. Mama angefurahi."

"Angefurahi," Adventina alisema. Ilikuwa kweli, na ingeendelea kuwa kweli kila Jumamosi saa nne. Aliuvuta ungo tena mapajani, akachukua jiwe dogo lililojificha kati ya maharage, akalitupa kwa nguvu hadi likagonga bati la jirani.