Mikono ya Seni

Mume wangu Nyanda hakuwa mtu wa maneno. Ng'ombe, jembe na kuchonga, basi. Tulipohama Usukumani kuja Usangu, mwaka wa sabini na mbili, binti yetu Seni alishikwa na homa njiani. Tulimzika Igawa, ugenini, kati ya watu tusiowajua. Picha yake hatukuwa nayo hata moja.

Nyanda akamchonga. Sanamu ya ngoma, kama wanazochonga kwetu kwa mashindano, mikono imefungwa kwa kamba ili icheze. Ngoma ikilia, anavuta kamba kwa chini, na Seni anarusha mikono vilevile alivyozoea, wa kushoto ukitangulia. Mara ya kwanza nilikimbilia ndani nikalia mpaka sauti ikakauka. Baadaye, jamani, nikawa naingoja siku ya ngoma kuliko sikukuu yoyote. Ndiyo siku niliyomwona mwanangu.

Mwaka wa sabini na tano wakaja watu wa maonyesho ya Saba Saba kutoka Mbeya. Wakataka sanamu itangulie na lori, sisi tufuate na ngoma zetu. Nyanda, mtu mgumu yule, akakubali!

"Mama Seni," akaniambia, "acha na watu wa mjini wamwone akicheza."

Tukafika. Seni yuko juu ya meza, anang'aa kwa vanishi. Fundi seremala wa pale, Joachim, akatupokea kwa furaha.

"Shikamoo mzee! Ilifika imelegea mikono yote. Nimewatengenezea. Sasa haing'oki ng'o!"

Kumbe kamba ametupa, mabegani kagongelea misumari. Nilitaka kumtukana, lakini ningemtukanaje mtu aliyedhani anatusaidia?

Nyanda hakugomba. Aliomba koleo. Akavuta msumari wa kwanza taratibu, mti ukapasuka kuanzia begani mpaka kifuani. Akaiweka koleo chini.

"Si utachonga mwingine, mzee?" Joachim akasema.

Mwingine! Hasira zilinipanda. Lakini miezi kadhaa baadaye hata mimi nilimwomba Nyanda hivyohivyo, maana nilichoka kukaa bila mtoto. Akachukua gogo, akalipakata mpaka jua likageuka.

"Mama Seni, sura yake imenitoka," akasema. "Hebu niambie, alikuwaje?"

Nikafumba macho nimweleze. Na mimi nikaona misumari tu.