Ndege ya Dukani na Ndege Yangu

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliteremka stendi ya Msamvu akiwa amekumbatia boksi kama mtu aliyebeba keki ya harusi. Ndani mlikuwa na ndege nyekundu yenye mota ya umeme, pangaboi jeusi na mabawa yanayong'aa. Ilikuja imekamilika: unapachika mabawa, unachaji betri, unarusha. Alijua kuwa mimi hutengeneza za kwangu nyuma ya nyumba, ndiyo maana hakutaka kuirushia Dar.

Ndege hizi hazina rimoti. Hufungwa nyaya mbili nyembamba za chuma. Mrushaji husimama katikati na mpini mkononi, nayo ikamzunguka. Ukiinua mkono inapanda, ukiushusha inashuka. Kinachoizuia isiende zake ni nyaya hizo tu, na huvuta kwa nguvu. Asiyewahi kushika mpini hawezi kuamini jinsi kitu chepesi namna ile kinavyoweza kumchosha bega.

Yangu ilinichukua msimu mzima wa mvua. Ilikuwa na mbavu za mwanzi zilizofunikwa kwa plastiki nyembamba, na katikati, pale nyaya zinapofungwa, kibao nilichochonga kutoka kwenye vipande vya mbao vilivyobaki tulipopaua nyumba. Niliijua kiungo kwa kiungo. Ile nyekundu sikuiamini. Bawa lake lilikuwa limezibwa kabisa, na sikuweza kuona nyaya zimeshikwa na nini huko ndani. Niliigeuzageuza pale sebuleni, nikaigonga kwa kucha, nikamwambia shemeji kwamba kitu usichoweza kukifungua ni vigumu kukiamini. Yeye akasema zimejaribiwa kiwandani kabla ya kuuzwa. Alisema kwa upole, bila kunikebehi.

Mke wangu alikuwa anapepeta mchele kwenye ungo. Akauliza kama kuna mtu amewahi kuumizwa na vitu hivi. Tulijibu hapana, wote wawili kwa pamoja, haraka mno. Aliacha ungo akatutazama kidogo, kisha akaendelea.

Kesho yake alasiri tulikwenda uwanja wa wazi nje ya mji, mbali na nyaya za umeme. Joto lilikuwa zito na hakuna jani lililotikisika. Wingu lilikuwa limeshuka milima ya Uluguru hadi likafunika mashamba ya chini, na ngurumo zilisikika huko nyuma yake, bila radi kuonekana. Mama mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi pembeni aliwakusanya akaondoka nao, ingawa jua bado lilikuwa juu. Mke wangu alisema naye angependa turudi. Nikamwambia kila mmoja akirusha mara moja tutaondoka.

Shemeji akaanza na yake. Nilisimama nje ya duara nimekaza meno, nasubiri ikatike. Ilipiga kelele moja nyembamba isiyobadilika, ikazunguka, ikazunguka tena, na kila ilipopita mbele yangu nilirudi nyuma hatua. Betri ilipopungua nguvu ikashuka yenyewe, ikagusa majani, ikatulia. Mke wangu alishusha pumzi. Mimi pia.

Ikawa zamu yangu. Shemeji alinishikia ndege hadi mota iliposhika mwendo, akaiachia, akarudi nyuma. Halafu akatoa simu aanze kurekodi. Nilimwona akisimama na simu usoni, nikataka kumwambia asogee mbali zaidi, lakini ndege ilikuwa imeshapanda na macho yangu yote yalikuwa kwake. Ilivuta vizuri. Nilifurahi.

Kisha mpini ukawa mwepesi. Sikusikia mlio wa kukatika. Mkono wangu ulirudi kifuani bila kuvutwa na kitu, na nyaya zikaanguka kwenye majani mbele yangu. Ndege ilinyooka. Shemeji alikuwa anaitazama kwenye kioo cha simu, ambako kila kitu huonekana kiko mbali kuliko kilivyo. Hakuinama.

Kwenye bajaji mke wangu alimlaza kichwa mapajani, kanga yake imebanwa kwenye jicho la kushoto. Hakunilaumu. Nilipomgusa bega, mke wangu alilisogeza taratibu, kama mtu anayempisha mwingine kwenye kiti. Hospitali walishona nyusi na kulifunika jicho, wakasema tusubiri uvimbe ushuke.

Tulisubiri. Katika kusubiri huko nilikwenda kuyaokota mabaki ya ndege, nikakaa nayo uani. Kibao kilikuwa kimevunjika katikati. Kwa nje kilikuwa laini na kizuri kama siku nilipokipiga msasa. Ndani kilikuwa unga. Bungua walikuwa wamekila chote, wakaacha ganda jembamba kama la yai, na mmoja alikuwa bado humo, mweupe, anajikunjakunja juani.

Niliinua macho nikatazama paa.

Fundi aliyekuja ni kijana mwenye kuongea sana. Alipanda darini na bisibisi akitusimulia habari za mpira, mke wangu akiwa amesimama mlangoni na mimi nimeshika ngazi. Nilimweleza kuwa muuzaji aliapa mbao zimetiwa dawa. Akacheka kidogo, akaendelea kugonga. Alipofika juu ya chumba chetu akanyamaza. Tulisikia bisibisi ikizama, ikichomolewa, ikizama tena mahali pengine.

"Mzee," akaita kutoka kule juu, "chumba hiki analala nani?"

"Sisi," mke wangu akajibu.

"Basi leo msilale humo."

Tulihamishia godoro sebuleni jioni hiyo hiyo. Kenchi zote zinazobeba paa upande ule ilibidi zibadilishwe, na kwa muda mrefu tuliishi na turubai juu ya vichwa vyetu. Jicho la shemeji lilipona nusu; anasema anaona kama mtu anayetazama milima asubuhi ya ukungu. Hana kinyongo nami. Ile nyekundu aliniachia, ipo juu ya kabati, haijarushwa tena. Ila siku hizi nikiwa nyumbani peke yangu, mchana kukiwa kimya, huzima redio nikasikiliza kama kuna kinachotafuna ukutani, mlangoni, kwenye miguu ya meza. Mara nyingi sisikii kitu. Jana nilisikia.